Re: Mdogo wangu katoka mahabusu anajikata, tumfungie ndani?

Pole sana dada. Kijana wa miaka 16 anajikata na kaanza tena kuiba pale soko la Mwaloni, naelewa mnavyohangaika, ila msimfungie wala kumfunga kamba, wa kwetu tulimfunga akazidi kujiumiza, inaniuma mpaka leo. Mpelekeni hospitali ya Bugando hapo Mwanza leo leo, kitengo cha afya ya akili, vyenye makali viwekeni mbali na asilale peke yake. Kesi ikirudi tafuta afisa ustawi wa jamii mapema, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo jela na mahabusu asichanganywe na wakubwa. Akitulia mtafutieni shughuli hata ya kuanika dagaa, wengi niliowaona wakirudia makosa walitoka mahabusu wakakuta nyumbani hakuna anayewataka.