Wasomaji Wanauliza: Kipupwe Kimeingia, Je, Madirisha Yafungwe?

SWALI: Kamwene, Daktari. Ninaishi Njombe mjini katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na wanangu wanne na mama mkwe wangu. Tangu baridi ianze mwezi Juni tumeziba madirisha kwa matambara, na jioni jiko la mkaa hukaa ndani. Mtoto wa pili alipata mafindofindo, wiki iliyofuata wakaugua wengine wawili, na mama mkwe anakohoa kwa wiki ya tatu sasa. Jirani ananishauri niwape wote antibayotiki kama kinga, tena anasema nikifungua dirisha watoto watapata kichomi. Nifanye nini?

JIBU: Kamwene, mama. Naanza na mama mkwe wako, kwa sababu kikohozi chake ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili hakifai kusubiri kipupwe kipite. Mpeleke kituo cha afya mapema iwezekanavyo apimwe makohozi, kwani kipimo cha kifua kikuu na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Huenda si kifua kikuu, lakini kikiwa ndicho, wajukuu wanaolala naye huvuta hewa aitoayo usiku kucha, na walio chini ya miaka 5 watahitaji dawa ya kinga, kwa hiyo mtajie muuguzi umri wa kila mtoto. Usimtengee kikombe wala sahani, maana ugonjwa huo hauenei kwa vyombo wala kwa kupeana mikono. Nimewaona wazee wakinyimwa kupakata wajukuu huku dirisha la chumba chao likiwa limezibwa vilevile, na jambo hilo huniumiza sana.

Baridi yenyewe haizai bakteria. Kinachobadilika wakati wa kipupwe ni kwamba sote tunakusanyika katika chumba kimoja na kufunga kila mwanya. Mtu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza hutoa matone. Makubwa huanguka karibu naye, lakini yale madogo kabisa hubaki yakielea, na bakteria wa kifua kikuu wanaweza kukaa hewani kwa saa kadhaa pasipopita hewa. Kesho alfajiri, kabla hujafagia, tazama kioo cha dirisha kwa upande wa ndani. Ukikuta maji yametiririka hadi kwenye fremu, fahamu kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ni pumzi zenu wenyewe, ambazo usiku kucha hazikupata pa kutokea.

Kwa hiyo toa matambara. Fungua madirisha mawili yanayokabiliana, au dirisha na mlango, kwa dakika 10 hadi 15 asubuhi, mchana na kabla ya kulala, watoto wakiwa wamevaa masweta; kuta haziwahi kupoa kwa muda huo, na chumba hurudisha joto lake upesi. Katika chumba cha bibi acha upenyo usiku kucha na umwongezee blanketi. Jiko la mkaa litolewe nje, kwa sababu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini, na moshi wake hudhoofisha mapafu ya watoto. Kichomi anachokihofia jirani yako huletwa zaidi na jiko hilo kuliko dirisha.

Antibayotiki za kugawana usinunue. Mafindofindo mengi husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui. Yale ya bakteria wa streptokokasi yanahitaji dawa sahihi inayomalizwa kwa siku zote zilizoandikwa, kwani yasipotibiwa yanaweza kuleta ugonjwa unaoharibu valvu za moyo wa mtoto. Mwenye homa, usaha kooni na tezi zilizovimba shingoni, hasa asipokuwa na kikohozi, apelekwe kupimwa, na akianza dawa abaki nyumbani angalau siku nzima ili asiambukize wenzake.

Katika nyumba nyingi za huku, nyuma ya mlango huning'inia taulo moja la familia nzima, ambalo wakati wa kipupwe halikauki kamwe. Kila mtoto apewe lake. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20. Maji ya baridi yanatosha, ila watoto huyakwepa, na ndiyo maana nashauri chupa moja ya chai iwekwe maji ya moto ya kuchanganyia. Angalia pia kadi za kliniki uone kama mdogo wao alimaliza chanjo za kifaduro na nimonia, zinazotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

SWALI: Mimi ni matroni wa bweni Mbeya. Vitanda vimebanana na hatuna nafasi nyingine. Nizingatie nini?

JIBU: Wapange wanafunzi walale kichwa kwa miguu, ili nyuso za majirani zisielekeane, na madirisha ya juu yaachwe wazi usiku. Vikombe na miswaki visiazimwe. Mwanafunzi akipata homa kali ya ghafla, kichwa kikamuuma sana, shingo ikakakamaa au mwanga ukamsumbua macho, huenda ni homa ya uti wa mgongo, ambayo inaweza kuua katika muda wa saa chache: mpeleke hospitali usiku huohuo, na waliolala karibu naye watajwe kwa daktari ili wapewe dawa ya kinga.