Kiinua mgongo cha Shangazi: barua kwa binti yangu aliye Beirut

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia hapa Mombasa, na swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema kwamba Shangazi, kama mnavyomwita nyote, mwezi ujao anang'atuka katika uongozi wa kituo cha wafanyakazi wa majumbani na kurudi kwao Kakamega, na kwamba kamati ya kumuaga imegawanyika: wako wanaotaka apewe ngao na keki, wako wanaotaka mchango wa fedha, na wako wanaoshikilia kwamba kumpa fedha mtu aliyejitolea miaka yote hiyo ni kumvunjia heshima. Unataka kujua ninaonaje mimi niliyepitia mikononi mwake.

Mpeni fedha, mwanangu. Mpeni hadharani, na zisiitwe msaada wala zawadi. Ziitwe kiinua mgongo, kwa kuwa ndicho anachodai.

Sheria ya kazi ya Lebanon ni ya mwaka 1946, na kifungu chake cha 7 kinawatoa wafanyakazi wa majumbani nje ya sheria hiyo. Karani akistaafu, ana pa kwenda kudai. Mwanamke aliyepiga pasi mashati ya watu na kulea watoto wao mpaka wakaota ndevu huondoka na sanduku lake tu. Shangazi alifanya kazi siku sita katika nyumba ya watu, na Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, akaitoa kwa kituo. Anastaafu kazi mbili kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyomwekea akiba. Wanaosema fedha zitachafua kujitolea kwake, waulize ni nani aliyekuwa akinunua salio la simu ile ambayo wenye shida humpigia.

Simu yenyewe naijua vizuri. Nilipofika huko mwaka 2017, pasipoti yangu ilichukuliwa siku ile ile, na kwa utaratibu wa kafala kibali changu cha kuishi kikafungwa kwa mwajiri mmoja, kiasi kwamba kutoka nyumbani kwake bila ridhaa yake kungenifanya mtoro mbele ya sheria. Mwishoni mwa mwaka 2019, lira ilipoanza kuporomoka, mshahara wangu ukasimama. Nilimpigia Shangazi usiku nikiwa bafuni, nikinong'ona. Hakuniambia pole. Aliniambia, "Fungua bomba kwanza, halafu useme." Maji yakamwagika, nikaeleza, naye akataka tarehe tu: siku niliyolipwa mara ya mwisho, kiasi gani, na kama kuna aliyeona. Baadaye nilikuja kuliona daftari lake, la mistari kama ya watoto wa shule, jalada limeunganishwa kwa plasta ya kidonda. Jina langu lilikuwa kwa penseli, na pembeni ameandika "bafu, saa nne usiku," ili asije akanipigia saa nyingine simu ikaniumbua. Katika miezi mitano niliyodai, nililipwa mitatu. Alinigombeza sana kwa kutia sahihi karatasi ya Kiarabu nisiyoweza kuisoma, na hadi leo sina la kujitetea.

Hayo ya kwangu ni madogo. Alikuwamo miongoni mwa mamia waliokusanyika Beirut mwezi wa Januari 2015 kuunda chama chao cha wafanyakazi chini ya FENASOL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la huko, na wizara ya kazi ikakataa kukitambua. Mwezi wa Septemba 2020 ukatolewa mkataba mpya uliomruhusu mfanyakazi kuvunja kazi bila idhini ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, na mwezi uliofuata Baraza la Shura, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, likausimamisha. Sikumwona akilia kwa lolote kati ya hayo. Agosti ile ya 2020 ya mlipuko wa bandarini, tulipolala kando ya barabara nje ya ubalozi mdogo wetu tukidai kurudishwa nyumbani, alikuja na sufuria ya wali na waya wa kuchajia simu wenye vichwa vinne. Watu walimshukuru kwa wali. Mimi niliuona ule waya.

Sasa kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona zito kuliko mchango. Laini ile ya simu isipande ndege. Wanawake wameiandika namba yake ndani ya mikoba na nyuma ya picha za watoto wao, kwa hiyo haiwezi kufungwa. Lakini akiondoka nayo, atapigiwa Kakamega usiku wa manane na mtu aliyefungiwa ndani Tripoli ya huko Lebanon, naye hatakuwa na la kufanya ila kukesha. Kumwandalia sherehe kisha kumwachia mzigo huo itakuwa asante ya punda. Pangeni zamu, watu watatu, wewe ukiwa mmojawapo kama nafsi yako inakubali, na muanze kuipokea simu wiki mbili kabla hajaondoka, yeye akiwa karibu wa kuulizwa. Daftari nalo libaki kituoni.

Ngao si vibaya, ila ni nzito, na mizigo ya ndege hupimwa kwa kilo, iwe ndogo. Kipaza sauti wasipewe kwanza wageni wa heshima, maana watakula muda wote. Apewe kwanza yule dada mliyesema aligombana naye juu ya fedha za kodi ya chumba, kama yuko tayari. Na yeyote ambaye hajalipwa mshahara mwezi huu asiombwe mchango, wala jina lake lisisomwe.

Mchango wangu nimemkabidhi kaka yako autume kwa njia mnayotumia siku zote. Nitumie tarehe na saa ndege yake itakapotua Nairobi, nikate tiketi ya treni mapema.

Mama yako