Kamera inafunguka ndani tu, ukitoka nje inagoma: anza na IP ya ruta

Mkuu, umeuliza mbona laptopu yako inasoma 192.168.1.15 lakini tovuti za kuangalia IP (anwani ya kifaa mtandaoni) zinakupa namba nyingine kabisa, na mbona kamera ukiwa mbali haifunguki hata kama umeandika IP yake vizuri. Namba zote mbili ziko sawa, ila moja ni ya ndani na nyingine ni ya nje.

Hiyo 192.168 ni praiveti. RFC 1918, waraka wa taratibu za intaneti wa mwaka 1996, unataja mafungu matatu: zinazoanza na 10 zote, 172.16 mpaka 172.31 (sio 172 yote, hapa wengi wanachanganya), na 192.168 yote. Yeyote anazitumia bila kuomba ruhusa, ndo maana 192.168.1.1 ipo kwenye ruta kibao duniani na hazigongani, kwa sababu huko nje hazipitishwi. IP pablik ndo haitakiwi kujirudia, inatoka IANA (wagawaji wakuu wa namba za intaneti duniani) inashuka kwa mashirika ya kanda kama AFRINIC ya Afrika mpaka kwa mtoa huduma wako.

Sasa cheki kinachotokea. Laptopu yako inafungua tovuti ikitumia 192.168.1.15 poti 51000 (poti ni namba ya mlango wa programu kwenye kifaa), ruta inafuta hiyo inaweka IP yake ya nje na poti nyingine, tuseme 40210, halafu inaandika kwenye jedwali lake kwamba kitakachorudi kwa 40210 kiende kwa laptopu. Hiyo ndo NAT. Mtu akianza yeye kutoka nje, kwenye jedwali hakuna mstari wake, ruta haijui ampeleke kwa nani, inamtupa. Kamera yako imekwama hapo.

Watu watakwambia elekeza poti kwenye ruta basi, yaani uiambie ruta kinachoingia kwa poti fulani kiende kwa kamera. Ni kweli, lakini kazi hizi nazifanya kila mara na kitu cha kwanza nachoangalia kabla sijagusa setingi yoyote ni IP ya WAN (upande wa nje wa ruta) kwenye ukurasa wa ruta, nailinganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti. Zikifanana, endelea, poti itafanya kazi. Zikitofautiana, na hasa ukiona WAN inaanzia 100.64 mpaka 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani mtoa huduma naye anafanya NAT juu ya NAT yako, hapo hata ufungue poti zote hutapata kitu. IPv4 (aina ya IP tunazozungumzia hapa) zote ni kama bilioni 4.3 tu na akiba ya IANA iliisha Februari 2011, kwa hiyo wateja wengi wanachangia IP moja. Ukiona WAN ni 10 au 192.168 inaweza kuwa CGNAT pia, au kuna ruta nyingine mbele ya yako, fuatilia waya kwanza.

Ukikuta ni CGNAT omba IP pablik kwa mtoa huduma, au weka VPN (njia ya siri inayounganisha vifaa kupitia intaneti) kwenye seva ya kukodi yenye IP pablik, kifaa cha ndani ndo kiipigie seva, maana kutoka ndani kwenda nje hakuna kizuizi. Mimi hata penye IP pablik naweka VPN tu, kamera iliyoachwa wazi kwenye intaneti inafikiwa na roboti za kutafuta poti muda si mrefu, na humo ndani wanaonekana watu wa nyumbani kwako, tafadhali usiiache hivyo.

Kaangalie WAN, halafu tuwekee hapa namba mbili za mwanzo tu, kama 100.64, zilizobaki zifiche.