Kama hutapokea simu, usijisajili

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia. Mdogo wake ana sikoseli, na madaktari wamesema ndugu wote wapimwe, huenda mmojawapo akamchangia uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kule Dodoma. Mama yao hataki hata kusikia. Majirani wamemjaza maneno kwamba uloto unafyonzwa kwenye uti wa mgongo na kwamba binti akishatoa hazai tena. "Dada, wewe ulishatoa. Niambie ukweli, inauma?"

Inauma kiasi. Uti wa mgongo hauguswi, na mimi nimezaa baada ya kutoa, mwanangu huyu hapa ananivuta kanga nikiandika.

Nilitolea Uingereza, ninakoishi, na nilimtolea mtu nisiyemjua. Nilijisajili Anthony Nolan, daftari la wachangiaji lililoanzishwa 1974 na Shirley Nolan, mama aliyekuwa akihangaika kumtafutia mwanawe uloto. Wanasajili vijana wa miaka 16 hadi 30. Unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, unakirudisha kwa posta, basi. Simu ilipokuja, habari yenyewe ilikuwa imeshanitoka kichwani.

Siku nne mfululizo muuguzi alinidunga dawa inayoufanya uloto utengeneze seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, kwa wingi mpaka ziingie kwenye damu. Hapo mifupa ilisema! Kiuno, mapaja, mpaka kifua, kama malaria inayonyemelea. Nikameza panadoli, nikalala. Siku ya tano nikawekwa kitandani, mrija wa mkono mmoja unatoa damu, wa mkono wa pili unairudisha, katikati mashine inachuja seli. Mkono wa sindano haukunjwi kwa saa nne hivi. Pua ikaniwasha, ikabidi nimwombe muuguzi anikune, mtu mzima mimi. Midomo nayo ikaanza kuchonyota kwa sababu ya dawa inayozuia damu isigande kwenye mashine. Wakanipa kalisiamu, ikatulia. Usiku nilikuwa nyumbani nakula ugali.

Wengi wetu, karibu tisa katika kila kumi, tunatoa kwa njia hiyo. Waliobaki wanatolewa uloto wenyewe kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, wakiwa wamelala kwa nusukaputi. Kiuno kinauma siku kadhaa, na mwili unaujaza uloto tena ndani ya wiki chache. Kwa sikoseli madaktari wengi hupendelea njia hii, kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro, jiandae nayo.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Binamu yangu tulijisajili naye siku moja. Yeye alipiga picha na kijiti mdomoni, akazirusha kwenye kundi la familia, shangazi wakamwombea dua. Baadaye nikakutana naye harusini, sahani ya pilau mkononi, akanisimulia huku anacheka kwamba "wale watu wa damu" walimpigia wakimwambia huenda tishu zake zinalingana na za mgonjwa, akaizuia ile namba. Anacheka! Mpaka leo sijui nilipata wapi subira ya kutomwagia soda.

Kwa mgonjwa mweusi mchangiaji ni adimu. Kwenye daftari la Marekani, mweupe ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata anayelingana naye kikamilifu, mweusi asilimia 29. Tishu zetu Waafrika zina aina nyingi mno, na tuliojisajili ni wachache. Halafu katika hao wachache, mmoja anazuia namba.

Kuogopa si dhambi, wala hakuna anayeweza kukulazimisha. Ila kataa mapema. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake mwenyewe. Ukimkimbia wakati huo, anaweza kufa, na huna pa kujificha mbele ya Mungu. Ninyi mnaopenda picha za wema, mnanisikia? Kama una nia, ongea na mume au mke wako leo, ongea na mwajiri wako, ndipo uchukue kijiti. Ukichukua, simu ipokee.

Kwako wa Morogoro, Hospitali ya Benjamin Mkapa, hiyo ya Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, na wachangiaji ni ndugu zao. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Wa baba mmoja tu, nafasi hupungua sana, kwa hiyo daktari akiuliza mambo ya ukoo, mama asione amevunjiwa heshima. Makundi yenu ya damu yakitofautiana, hilo peke yake halikuondoi. Na kupimwa si kukubali kutoa, unaweza kupimwa huku bado unawaza. Nenda na mama, amsikie daktari kwa masikio yake. Majirani wabaki Morogoro.