Nimelelewa makao ya watoto, sina cheti cha kuzaliwa: naombaje kazi serikalini?

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 20 na nimekulia kwenye makao ya watoto. Nilimaliza kidato cha nne, makao wakanilipia chuo cha ufundi cha VETA nikasoma umeme wa majumbani hadi Hatua ya II. Sasa nimetoka, nimepanga chumba na mwenzangu tuliyelelewa naye, tunaishi kwa vibarua. Nataka kuomba kazi ya fundi umeme kupitia Ajira Portal, mfumo wa serikali wa maombi ya kazi mtandaoni, ila sina cheti cha kuzaliwa wala namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la mwanzilishi wa makao kama jina la ukoo. Cha VETA kina jina la marehemu baba, ambalo shangazi alinipa baadaye. Halafu tangazo linataka wadhamini watatu. Je, sisi tuliotoka makao tuna nafasi maalumu? Na mwenzangu aliishia darasa la saba lakini ni fundi mzuri wa kuchomelea, naye afanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la nafasi maalumu maana ndilo fupi. Hazipo. Watu wenye ulemavu wana kifungu chao: sheria yao ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na kwenye mfumo wa maombi wanatakiwa kuainisha hali zao. Kwa aliyelelewa makao au kwenye malezi ya kambo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutambua kama mtoto hadi unapotimiza miaka 18. Baada ya hapo, mbele ya Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia maombi hayo, wewe ni mwombaji kama waombaji wengine, na kwa maoni yangu hilo ni pengo linalostahili kupigiwa kelele. Lakini wewe huna muda wa kusubiri kelele zizae matunda. Kinachokukwamisha leo ni karatasi, na karatasi zinatengenezeka.

Jambo kubwa kwako ni majina. Vijana wengi wa makao wenye tatizo kama lako hukimbilia kwa wakili kwanza, wakaandikiwa hati ya kubadili jina, wakalipa. Baadaye cheti cha kuzaliwa kinatoka na mpangilio mwingine wa majina, NIDA wanafuata cheti hicho, na kijana anarudi kwa wakili yule yule na hela nyingine. Usianzie huko.

Wewe una bahati moja ambayo huenda hujaiona: kwa kuwa hujawahi kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, jina lako la kuzaliwa bado halijaandikwa popote. Basi cheti cha kuzaliwa kifuate cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Cheti hicho cha Baraza la Mitihani, NECTA, ndicho kigumu kukigusa ukishafanya mtihani, kwa hiyo vingine vyote vikisogelee. Na jina la baba yako hulipotezi. Kwenye fomu ya usajili kuna sehemu ya jina la mtoto na sehemu nyingine ya jina la baba. La baba liweke pale panapomhusu. Msajili akiuliza kwa nini la mwisho halifanani na la baba, mweleze ulivyo na umwonyeshe barua za ustawi wa jamii. Kama moyoni unataka kabisa kubeba jina la baba yako, ni haki yako, ila ujue utalazimika kuoanisha cheti cha kidato cha nne na kila kitu kitakachofuata.

Barua hizo zinatoka wapi? Rudi makao uombe nakala za jalada lako: fomu ya mapokezi, barua ya Afisa Ustawi wa Jamii aliyekupeleka, amri ya mahakama kama ilikuwepo, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kama vipo. Makao wakisema jalada halipo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kwa sababu mtoto hapokelewi makao bila ofisi hiyo kujua, au angalau haipaswi kuwa hivyo. Ongeza vyeti vyako vya shule na barua ya mtendaji wa mtaa unakoishi sasa. Maombi yanaweza kuanzia kwenye mfumo wa eRITA au kwenye ofisi ya usajili ya wilaya. Usajili wa mtu mzima huchukua muda kuliko wa mtoto mchanga, hivyo usisubiri tangazo la kazi litoke ndipo uanze.

Cheti kikitoka, nenda NIDA. Bila namba ya NIDA huwezi hata kukamilisha usajili kwenye Ajira Portal. Namba yenyewe inatosha kuanzia, kadi inaweza kuja baadaye.

Hapo ndipo zamu ya wakili inafika, kwa ajili ya cheti cha VETA peke yake. Hati ya kubadili jina, ile ambayo matangazo ya usaili huiita deed poll, huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Itaeleza kwamba mwenye jina la cheti cha VETA na mwenye jina la cheti cha kuzaliwa ni mtu mmoja. Siku ya usaili nenda na hati hiyo pamoja na vyeti halisi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Kama bado kimelala shuleni, kakichukue wiki hii.

Wadhamini watatu si lazima wawe ndugu, na mimi hata ningekuwa na ndugu ningechagua watu wa kazi. Kwako wanaonekana wazi: mwalimu wako wa karakana pale VETA, msimamizi wa mahali ulikofanyia mafunzo kwa vitendo, na meneja wa makao au Afisa Ustawi wa Jamii. Waombe kwanza, usiwaandike kimyakimya. Mdhamini akipigiwa simu akauliza "nani huyo?", amekuharibia kuliko kutokuwepo. Barua ya maombi isigeuke kuwa simulizi ya maisha yako pia. Eleza ulichosomea na kazi ulizofanya, kwa mfano nyumba ulizofunga nyaya na nani alikusimamia. Habari ya kulelewa makao haina sehemu yake pale, na huna wajibu wa kuitaja.

Soma vigezo vya tangazo kwa makini kabla ya kutuma. Kuna nafasi za fundi umeme zinazotaka Hatua ya II, nyingine zinataka ya III. Ukiweza kumalizia ya III huku karatasi zikishughulikiwa, fanya hivyo. Wakati huohuo ulizia leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, maana hata kazi za mitaani unazofanya sasa zinaitaka, na ukiwa nayo unaacha kufanya kazi chini ya jina la mtu mwingine.

Kuhusu Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambalo hukuuliza lakini najua utaambiwa: ni mafunzo mazuri, na kuna vyombo vya ulinzi vinavyotazama waliopita huko. Ila ukomo wa umri kwa wa kidato cha nne ni mdogo, na JKT wenyewe husema kila mara kwamba hawatoi ajira.

Mwenzako ana mlima mwingine. Tangu 2004 anayeajiriwa serikalini anatakiwa awe na kidato cha nne, na watumishi wa darasa la saba walioingia baada ya hapo waliwahi kuondolewa kazini kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ana njia mbili, na anaweza kuzifuata kwa pamoja. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti cha fani. Hicho kitamsaidia kwenye kampuni na kwa wakandarasi. Kama nia ni serikalini hasa, ajiandikishe Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, afanye mtihani wa maarifa (QT), ambao humfungulia njia asiyepitia sekondari, kisha wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na jina atakaloandikisha kwenye mtihani huo lilingane na cheti chake cha kuzaliwa, asije akaniandikia barua kama yako.

La mwisho ni fedha. Kila msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi, na usaili huweza kuwa wa hatua zaidi ya moja: wa kuandika, wa vitendo, kisha wa mahojiano. Kijana wa nyumbani huomba nauli kwa mjomba. Wewe weka akiba kidogokidogo kwenye vibarua vyako tangu siku utakayotuma maombi, na uulize makao kama wana mfuko wa kusaidia waliotoka, maana baadhi wanao na hawautangazi. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako hubaki kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo baadaye, kwa hiyo namba ya simu uliyoandika kwenye maombi usiiache ikafungwa.