Wasomaji Wanauliza: Yule Jamaa wa Def Leppard Anapigaje Dramu na Mkono Mmoja?

Safari hii barua nyingi zimehusu wapiga dramu wa bendi za roki. Nimechukua tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana ina mambo mengi na kila siku watu wanaiulizia.

SWALI: Shikamoo kaka. Nimeona video ya bendi ya Def Leppard, mpiga dramu wao ana mkono mmoja tu lakini muziki unatoka kamili. Binamu yangu anabisha, anasema kuna rekodi inapigwa nyuma ya jukwaa na yule anaigiza. Ukweli ni upi, na mkono ulimpotea vipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa anapiga mwenyewe, mwambie binamu yako aangalie miguu, watu wengi wanakodolea macho ule mkono wakati kazi kubwa iko chini.

Anaitwa Rick Allen, kazaliwa 1963 Dronfield, kule kaskazini ya Uingereza karibu na Sheffield, na kwenye bendi kaingia 1978 akiwa na miaka 15 tu, shule akaiacha. Mwaka 1983 wakatoa albamu yao Pyromania, Marekani peke yake mpaka leo imeuza zaidi ya kopi milioni 10, na kijana hata miaka 20 hajafikisha tayari ni staa. Sasa tarehe 31 Desemba 1984, bendi iko mapumzikoni katikati ya kurekodi albamu mpya, akawa anaendesha Corvette yake nje ya Sheffield, akataka kulipita gari lingine kwenye kona, gari likamshinda likaacha njia na kupinduka, mkono wa kushoto ukakatika. Madaktari waliurudishia kabisa wakaushona, ila ukaingia maambukizi ikabidi wautoe.

Ili uelewe ukubwa wa pigo lile lazima ujue seti ya dramu inafanyaje kazi. Mpiga dramu anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida mkono huo unakaa kwenye hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungana, mguu wa kulia uko kwenye dramu kubwa ya besi, mguu wa kushoto unafungua na kufunga hai-hati, na mkono wa kushoto ndo unapiga snea. Chukua wimbo wowote wa roki uhesabu moja mbili tatu nne, ule mlio mkali unaoangukia kwenye mbili na kwenye nne ndo snea yenyewe, ndo unaokufanya utikise kichwa. Kwa hiyo Rick hakupoteza mkono tu, alipoteza snea, na bendi ya roki bila snea hakuna muziki pale.

Akiwa hospitali amelala waliweka sponji upande wa miguuni ili asiteleze kwenda chini, akaanza kuligonga gonga kwa miguu akifuatisha midundo ya nyimbo anazozijua, na hapo ndo akagundua kwamba mdundo wote bado uko kichwani na miguu inautii, kilichobaki ni kutafuta kifaa. Akashirikiana na mafundi wa umeme wakamtengenezea seti ya dramu za elektroniki, kwenye mguu wa kushoto wakaweka pedali nne, kuanzia kushoto kwenda kulia moja inatoa mlio wa hai-hati ikifungwa, moja dramu ya besi, moja snea, moja tomu, yaani dramu ya mlio mzito kuliko snea. Akikanyaga, umeme unaamsha mlio. Mara nyingi anapiga pekupeku ili mguu uhisi vizuri uko kwenye pedali gani. Mkono wa kulia unabaki kuzunguka huko juu. Fikiria sasa mguu uliozoea kazi moja ya kufunga na kufungua unaambiwa uanze kupiga mbili na nne bila kukosea mbele ya maelfu ya watu, ni kujifunza upya kabisa.

Na mimi kwa maoni yangu watu wanaostahili sifa pia ni wale wenzake wanne. Hawakuajiri mtu mwingine. Walimwachia yeye aamue kama anaendelea, kazi ya albamu ikaenda polepole wakati anafanya mazoezi. Mwaka 1986 walipofanya shoo ndogo ndogo Ireland walimweka Jeff Rich, mpiga dramu wa bendi ya Status Quo, apige naye sambamba kama msaada, siku moja Jeff akachelewa kufika, Rick akaanza shoo peke yake na ikaenda vizuri, basi kuanzia hapo ikaonekana msaidizi hahitajiki. Agosti mwaka huohuo akapanda jukwaani kwenye tamasha la Monsters of Rock pale Donington, umati ukalipuka kumshangilia. Albamu ile iliyosubiriwa, Hysteria, ikatoka Agosti 1987 na mpaka leo imeuza zaidi ya kopi milioni 20. Machi 2023 alivamiwa na kijana mmoja nje ya hoteli Florida akaumia, akapona akarudi kazini. Ndo huyo unayemuona kwenye video.

SWALI: Hivi mpiga dramu analipwa sawa na mwimbaji? Naona muimbaji ndo anakula sifa zote.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Inategemea mkataba wenu, ila jambo moja lishike sana, hela ya muda mrefu iko kwa aliyetunga wimbo. Hela ya shoo mnagawana mkiwa ukumbini, lakini mirahaba ya utunzi, yaani malipo wimbo unapouzwa au kupigwa, inamfuata mtunzi miaka yote. Mfano mzuri ni Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen, bendi ya Freddie Mercury yule mzaliwa wa Zanzibar. Roger alianza London kusomea udaktari wa meno kabla muziki haujamvuta. Mwaka 1975 bendi ilipotoa Bohemian Rhapsody iliyotungwa na Freddie, upande wa pili wa santuri ile waliweka wimbo wa Roger kuhusu mtu anayelipenda sana gari lake, na kila nakala iliyouzwa ililipa watunzi wa pande zote mbili, kwa hiyo Roger akavuna vizuri sana kutoka kwenye santuri ambayo watu waliinunua kwa ajili ya wimbo wa mwenzake. Baadaye akatunga Radio Ga Ga, ukaja kuwa hiti kubwa 1984. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya dramu andika nyimbo pia, na jina lako lisajiliwe.

SWALI: Kaka mimi nina miaka 17, nataka niwe mpiga dramu wa roki lakini seti sina na hela ya kununua sina. Nianzie wapi? Na je mwili unahimili mpaka umri gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: La umri nalijibu haraka. Charlie Watts wa Rolling Stones aliingia bendi 1963 na akabaki mpiga dramu wao mpaka alipofariki 2021 akiwa na miaka 80. Lakini Phil Collins wa Genesis mgongo na mishipa ya fahamu vilimkataa, ziara yao ya mwisho iliyoisha 2022 yeye aliimba amekaa kwenye kiti na dramu akapiga mwanaye Nic. Ndo maana nakuambia mapema, kaa wima, stiki usizibane kwa nguvu, na masikio weka vizibo tangu leo maana yakiharibika hayarudi.

Kuhusu kuanza, tafuta stiki mbili na kipande cha mpira mnene uweke juu ya meza, simuni pakua metronomu ya bure, ile programu inayogonga mapigo sawasawa uyafuate, anza taratibu sana, kulia kushoto kulia kushoto mpaka milio yote ilingane, miguu nayo igonge chini kila mmoja na zamu yake. Usikimbilie spidi. Kama mtaani kwenu kuna kanisa lenye seti nenda kaongee na kiongozi wa kwaya, omba uwe unafika mapema siku za mazoezi kumsaidia mpigaji wao kufunga na kufungua vyombo, wengi ndo wamejifunzia hapo, akitoka kunywa maji wewe unakaa.