Bisibisi kwanza: zana za kutengeneza cherehani nyumbani

SWALI: Nashona nyumbani Kayole, Nairobi, kwa cherehani mbili nyeusi za kupiga kwa mguu, aina ya Butterfly. Kila zikikwama inabidi nimngoje fundi, nami ningependa kufanya matengenezo madogo mwenyewe. Kwenye duka moja la Kirinyaga Road nimeonyeshwa seti ya vipande 40 ndani ya sanduku la plastiki, na bei yake ni ndogo kuliko bisibisi tatu za duka la jirani. Ninunue ipi?

JIBU: Dada, nunua zile bisibisi tatu. Skrubu za cherehani yako karibu zote ni za mfuo mmoja, si za nyota, kwa hiyo sehemu kubwa ya lile sanduku haitakugusa kamwe. Bisibisi bapa chache zilizomo nazo huwa na ncha ya kabari: nyembamba mbele, nene nyuma. Ncha hiyo ikiingia kwenye mfuo hushika ukingo wa juu tu. Ukikaza mkono inapanda, inateleza na kula kichwa cha skrubu. Baada ya mara mbili tatu mfuo umekuwa bakuli, na skrubu haitoki tena ila kwa keekee. Cherehani nyingi nzuri huharibiwa hivyo na bisibisi, wala si kwa kushona.

Ncha unayoitaka ina pande mbili zinazokwenda sambamba, ijaze mfuo kwa unene na kufika chini kabisa. Upana wake ukaribie upana wa kichwa cha skrubu bila kuuzidi, maana ikizidi itakwaruza bamba. Usikadirie kwa macho. Fungua skrubu moja ya bamba la sindano (kile kibati kilicho chini ya sindano), moja ya kifuniko cha upande wa kichwa cha mashine, na ile inayobana sindano. Zifunge kwenye karatasi, uende nazo dukani ukazijaribu moja moja. Aghalabu utarudi na ncha ya milimita 6, ya milimita 4, na ndogo ya milimita 2 hadi 2.5 kwa skrubu ya kesi ya bobini, yaani kikasha cha uzi wa chini. Ongeza kibeti, yaani bisibisi fupi yenye mpini mnene, kwa skrubu za bamba la sindano, kwa sababu bisibisi ndefu hapo hugonga kichwa cha mashine na kulazimika kulala upande.

Maandishi ya Cr-V (yaani chuma kigumu chenye kromi na vanadi) kwenye shina yasikutulize, kwa kuwa yeyote anaweza kuyachapa. Mwombe muuzaji akuruhusu kupitisha tupa mara moja karibu na ncha. Tupa ikizama na kutoa unga kama kwenye msumari, chuma ni laini na ncha itajikunja. Ikiteleza huku ikikwaruza kidogo, chukua. Akikataa, kagua ncha: kona zilizo mviringo tangu kiwandani ni sababu tosha ya kuirudisha.

Ukikosa ncha ya kutosha mfuo, nunua bisibisi nzuri iliyo nene kidogo, uipunguze kwa kinoo chenye mafuta, pande zote mbili sawa. Kinoo ni polepole, ila ni salama. Ukiipeleka kwa fundi wa jua kali Kamukunji mwenye mashine ya kusaga, mwambie aichovye majini kila baada ya sekunde chache. Ncha ikigeuka buluu, ugumu wake umekwisha.

Baada ya bisibisi, pesa inayobaki iende kwenye vitu vinne. Nyundo ndogo ya gramu 200 inatosha. Mwili wa mashine ni chuma cha kusubu, hupasuka kwa kishindo, haupindi. Kipande cha shaba nyeupe cha unene wa kidole utakipata kwa wauza vyuma chakavu Gikomba. Hicho ukiweke kati ya nyundo na mashine, ili kiumie chenyewe. Panchi za kusukumia pini zitakutosha mbili, ya milimita 3 na ya milimita 4, zenye shina lililonyooka. Zile za ncha ya kuchonga hupanua kichwa cha pini na kuikaza zaidi. Kabla ya kugonga, pima ncha zote mbili za pini: kama moja ni nyembamba, piga kuanzia hiyo. Cha nne ni spana ya kurekebisha ya inchi 8 kwa nati za miguu na kanyagio. Taya zake zisicheze ukizitikisa.

Tupa ninunue? Kwa sasa hapana, isipokuwa karatasi ya msasa namba 1000 na kinoo laini. Ukingo wa tundu la bamba la sindano uliochubuliwa na sindano hukata uzi. Zungushia msasa kwenye kijiti chembamba, usugue hadi uzi upite bila kukwama. Ile ncha ya ndoana inayodaka uzi usiiguse na tupa hata kidogo. Ikipungua kidogo tu haitafikia uzi, na mishono itaruka hadi ubadilishe kifaa kizima.

Skrubu ikigoma, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Tia tone la mafuta ya taa kandokando ya kichwa, acha usiku kucha, asubuhi weka bisibisi iliyokaa barabara, gonga mpini mara mbili kwa wepesi, kisha kandamiza kwa nguvu ndipo uzungushe. Ikigoma tena, futa kwanza mafuta ya taa, kisha gusisha kichwa chake na pasi ya kulehemu bati kwa dakika mbili tatu, irudie ikiwa bado moto. Ukishamaliza futa mafuta ya taa yote yaliyobaki, utie mafuta meupe ya cherehani, tone moja kila tundu. Mafuta ya injini ni mazito, na ya kupikia yataganda vilevile.

Skrubu iliyopotea usiitafute kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyingi za mashine hizi zina nyuzi za skrubu (hesi) 40 kwa inchi, za kipimo cha Singer. Skrubu ya milimita itaingia mizunguko miwili, ikaze, na kuharibu tundu lenyewe. Nenda kwa wauza vipuri vya cherehani ukiwa na ile ya mashine ya pili mkononi.

Kwa skrubu ya kesi ya bobini, inayokaza au kulegeza uzi wa chini, zungusha robo tu kwa kila mara. Shika uzi kesi ikining'inia: isishuke yenyewe, ila ukiutikisa uzi ishuke kidogo na kusimama.